Shilingi ya Kenya na Shilingi ya Tanzania tangu 1966: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa kila namna: mwanafunzi anayeandika tasnifu, mfanyabiashara anayepitia vitabu vya hesabu vya miaka iliyopita, na familia iliyokuta hati ya deni ndani ya sanduku la marehemu. Kila panapotajwa kiwango hapa chini, isipokuwa pameelezwa vingine, ni idadi ya shilingi za Tanzania zilizolingana na shilingi 1 ya Kenya.

Je, ni kweli kwamba shilingi hizi mbili ziliwahi kuwa sawa?

Ni kweli, na kwa muda mrefu hazikuwa mbili bali moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuendeshwa kutoka London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960, ilianza kutoa shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, nayo ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Shilingi hiyo ilifungamanishwa na fedha ya Uingereza, shilingi 20 kwa pauni 1, wala haikuwa na thamani ya kwake iliyoamuliwa Nairobi au Dar es Salaam.

Mwaka 1965 serikali za nchi tatu zilitangaza kwamba kila moja itaanzisha benki kuu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, na ile ya Kenya ikafuata tarehe 14 Septemba mwaka huohuo. Noti mpya zilibadilishwa na zile za bodi shilingi moja kwa shilingi moja, na kila shilingi mpya ilipewa thamani ileile, yaani takriban shilingi 7.14 kwa dola 1 ya Marekani. Kwa hiyo mtu aliyevuka Namanga mwishoni mwa 1966 alikuwa na noti yenye picha tofauti lakini yenye uwezo uleule.

Kabla ya 1921 watu walitumia fedha gani?

Walitumia rupia. Upande wa Kenya na Uganda ilikuwa rupia ya India. Upande wa Tanganyika Wajerumani walikuwa na rupia yao, ambayo tangu 1904 iligawanywa katika heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu “hela”. Florini ilipita kwa muda mfupi tu kati ya rupia na shilingi, ikiwa na thamani ya shilingi 2. Zanzibar ilibaki na rupia yake hadi 1936, ilipoingia katika shilingi ya Afrika Mashariki kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Anayefuatilia hati za Zanzibar za miaka ya 1920 asizisome kana kwamba ni za shilingi.

Usawa huo ulidumu hadi lini?

Jibu linategemea unauliza kuhusu karatasi au kuhusu soko, na tofauti hiyo ndiyo inayowapotosha wengi.

Kwenye karatasi, usawa ulistahimili mtikisiko wa kwanza bila shida. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni mwezi Novemba 1967, nchi zote tatu za Afrika Mashariki zilikataa kuifuata, na pauni 1 ikashuka kutoka shilingi 20 hadi takriban shilingi 17.14 kwa pamoja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kufanya kazi tarehe 1 Desemba 1967, ulitaka noti za nchi moja zibadilishwe katika nchi nyingine kwa thamani sawa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila nchi ilianza kudhibiti hata fedha zilizokwenda kwa jirani, na uhuru wa kubadilisha ukafifia, ingawa kiwango chenyewe hakikuguswa. Mwaka 1975 shilingi hizi ziliachana na dola, zikafungwa kwenye SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na hapo pia zilikwenda pamoja.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Baada ya hapo kila shilingi ilishika njia yake, ila kwa viwango rasmi njia hizo hazikuachana upesi kama mtu angetarajia. Wastani wa mwaka 1980 ulikuwa takriban shilingi 8.20 za Tanzania na 7.42 za Kenya kwa dola 1. Mwaka 1985 ulikuwa 17.47 na 16.43. Gawanya, utapata kiwango cha 1.1 kwa mwaka 1980 na 1.06 kwa mwaka 1985. Anayesoma majedwali peke yake atadhani kwamba miaka minane baada ya jumuiya kuvunjika shilingi hizi zilikuwa bado pacha.

Basi kwa nini wazee wa mpakani wanakumbuka kiwango tofauti kabisa?

Kwa sababu wao walikuwepo sokoni. Ningemsihi kila mtafiti awasikilize kabla hajaandika “1.06” katika jedwali lake na kuendelea na mambo mengine.

Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari 1977, nao haukufunguliwa rasmi hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyokula akiba ya fedha za kigeni, na bei ya mafuta iliyopanda duniani kote. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na bidhaa za kawaida kama sabuni, sukari na mafuta ya kupikia zikaadimika madukani. Kiwango rasmi kilisema kwamba shilingi moja inanunua shilingi moja, lakini hakuna benki iliyokuwa tayari kumpa mwananchi shilingi za Kenya kwa kiwango hicho. Aliyetaka aliomba kibali, akasubiri, na mara nyingi akakosa. Pengo hilo ndilo lililozaa magendo. Bidhaa zilizotoka Kenya kwa njia za panya ziliuzwa kwa shilingi nyingi za Tanzania, na aliyezipokea alihitaji shilingi za Kenya ili akanunue tena, hivyo shilingi ya Kenya ikawa na bei yake ya mtaani iliyokuwa mara kadhaa ya ile ya benki.

Serikali ilijaribu kulizima soko hilo kwa nguvu. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilifanyika kampeni kubwa dhidi ya wale walioitwa wahujumu uchumi, watu wakakamatwa na bidhaa zikataifishwa. Mwaka uliofuata sera ilibadilika: wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa walikozipata. Kwa maoni yangu ruhusa hiyo ya 1984 ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba serikali yenyewe ilikuwa imeshakubali kuwa bei ya kweli ya shilingi haikuwa ile iliyobandikwa ukutani mwa benki.

Kwa hiyo kwa miaka ya kati ya 1977 na 1986 usiandike kiwango kimoja tu. Andika kiwango rasmi, kisha eleza kwamba ni rasmi, na kwamba biashara halisi ya watu wa kawaida haikupita hapo.

Ni nini hasa kilichotokea mwaka 1986?

Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amekataa kwa miaka mingi masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, aliondoka madarakani mwishoni mwa 1985, na Rais Ali Hassan Mwinyi akaingia katika makubaliano na shirika hilo. Mwezi Juni 1986, sambamba na Mpango wa Kufufua Uchumi, kiwango rasmi kilipelekwa kwa mkupuo kutoka takriban shilingi 17 hadi shilingi 40 kwa dola. Haikuishia hapo, kwa kuwa shilingi iliendelea kuteremshwa kidogo kidogo na mwisho wa mwaka ilikuwa imepita 50.

Shilingi ya Kenya wakati huo ilikuwa imetulia kwenye 16 na ushei. Matokeo yake, kiwango kati ya shilingi hizi mbili kiliruka hadi wastani wa 2.0 mwaka 1986, 3.9 mwaka 1987, na 5.6 mwaka 1988. Wapo wanaosema kwamba shilingi ya Tanzania “ilianguka” mwaka 1986. Neno hilo lina haki nusu. Sehemu kubwa ya anguko ilikuwa imeshatokea mitaani miaka mingi kabla. Kilichotokea 1986 ni kwamba karatasi ilianza kuifuata hali halisi.

Je, shilingi ya Kenya haijawahi kushuka kwa kishindo namna hiyo?

Imewahi, mwaka 1993. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada tangu Novemba 1991, uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 uliambatana na fedha nyingi kuingizwa katika mzunguko, na kashfa ya Goldenberg, iliyohusu malipo ya serikali kwa mauzo ya dhahabu yaliyokuwa ya uongo, ilizidi kuidhoofisha hazina. Wastani wa dola uliruka kutoka shilingi 32 za Kenya mwaka 1992 hadi 58 mwaka 1993, na mwaka huo huo Kenya ikaiachia shilingi yake soko huria.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wanafunzi. Mwaka huohuo wa 1993 shilingi ya Tanzania nayo ilishuka dhidi ya dola, kutoka takriban 298 hadi 405. Hata hivyo, dhidi ya shilingi ya Kenya ilipanda: kiwango kilitoka 9.2 kikawa 7.0. Fedha mbili zinaposhuka pamoja, inayoshuka polepole inakuwa imepanda mbele ya mwenzake. Kufikia 1995 Kenya ilikuwa imejirudi hadi karibu 51 kwa dola na Tanzania ilikuwa imefika 575, na kiwango kikawa 11.2.

Nani huweka kiwango cha shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania siku hizi?

Hakuna anayekiweka moja kwa moja. Kila shilingi ina soko lake kubwa dhidi ya dola, Nairobi kwa upande mmoja na Dar es Salaam kwa upande wa pili, na kiwango cha kati yao hupatikana kwa kugawanya. Maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa Tanzania mwaka 1992, na soko la benki kwa benki likaanza mwaka 1994. Kenya ilifuta sheria yake ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995. Tangu hapo kiwango rasmi na kile cha dukani vimekaa karibu karibu, na ndiyo maana takwimu za baada ya katikati ya miaka ya 1990 zinaweza kuaminiwa kwa kazi nyingi za kawaida.

Ninaweza kupata viwango vya wastani vya miaka mbalimbali?

Vifuatavyo vimepatikana kwa kugawanya wastani rasmi wa mwaka wa kila shilingi dhidi ya dola, kisha kukadiria:

1980: 1.1
1985: 1.06
1986: 2.0
1988: 5.6
1990: 8.5
1992: 9.2
1993: 7.0
1995: 11.2
2000: 10.5
2005: 14.9
2007: 18.5
2015: 20.3
2019: 22.4
2022: 19.5
2023: 17.0

Nitumie wastani wa mwaka au kiwango cha siku ya mwisho ya mwaka?

Kwa mapato na matumizi yaliyosambaa mwaka mzima, tumia wastani. Kwa deni au salio lililokuwepo siku maalumu, tafuta kiwango cha siku hiyo. Katika miaka iliyotulia tofauti ni ndogo, lakini mwaka 1986 wastani wa dola ulikuwa takriban shilingi 32.70 za Tanzania, na hakukuwa na msimu mrefu wowote ambao mtu alibadilisha kwa bei hiyo: mwaka ulianza kwenye 17 na kuishia juu ya 50. Kuandika 32.70 katika muamala wa Machi 1986 ni kosa la karibu mara mbili.

Nikiwa na viwango vya dola vya pande zote mbili, nikokotoe vipi?

Gawanya shilingi za Tanzania kwa dola kwa shilingi za Kenya kwa dola, ukihakikisha kwamba tarehe ni moja na aina ya kiwango ni moja. Usichanganye bei ya kununua ya upande mmoja na ya kati ya upande mwingine.

Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, kwamba Dar es Salaam benki inanunua dola kwa 2,300 na kuiuza kwa 2,320, na Nairobi inainunua kwa 100 na kuiuza kwa 101. Mwenye shilingi 10,000 za Kenya ananunua dola Nairobi kwa 101, kisha anaziuza Dar es Salaam kwa 2,300, na kupata takriban shilingi 227,720 za Tanzania, yaani kiwango cha 22.77. Akigeuka papo hapo na kurudi, atanunua dola kwa 2,320 na kuziuza Nairobi kwa 100, na mkononi atabaki na takriban shilingi 9,816. Shilingi 184 zimekwenda bila soko kusogea hata kidogo. Ndiyo maana hakuna kiwango “halisi” kimoja: kuna cha kwenda, kuna cha kurudi, na cha katikati ambacho hakuna mtu anayekilipa.

Angalizo moja la kusoma majedwali: Benki Kuu ya Kenya huandika dola kama shilingi za Kenya kwa dola 1, lakini shilingi ya Tanzania na ya Uganda huziandika kinyume, yaani ni ngapi kwa shilingi 1 ya Kenya. Anayenakili safu zote kwa haraka bila kutazama mwelekeo atapata hesabu isiyo na maana yoyote.

Je, fedha yenye tarakimu nyingi ni dhaifu zaidi?

Hapana, si lazima. Ukubwa wa tarakimu unaeleza historia, hauelezi afya ya leo. Kati ya 2015 na 2022 dola ilipanda kutoka wastani wa takriban shilingi 1,991 hadi 2,303 za Tanzania, ongezeko la asilimia 16 hivi; upande wa Kenya ilipanda kutoka 98 hadi 118, asilimia 20. Kwa miaka hiyo shilingi yenye sifuri nyingi ndiyo iliyosimama imara zaidi. Kumbuka pia kwamba Uganda ilifuta sifuri mbili katika shilingi yake mwaka 1987, jambo ambalo Kenya na Tanzania hazijawahi kulifanya, hivyo mfululizo wa takwimu wa jozi hii hauna mkato wa aina hiyo.

Kwa nini kiwango kiliyumba sana mwaka 2024?

Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la hatifungani ya kimataifa lililopaswa kulipwa Juni 2024, na wasiwasi kwamba haitaweza kulilipa uliisukuma shilingi yake hadi karibu 160 kwa dola mwezi Januari. Mwezi Februari serikali ilikopa upya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya deni hilo, wasiwasi ukapungua, na ndani ya miezi michache dola ikarudi hadi karibu 130. Wakati huohuo shilingi ya Tanzania ilikuwa inashuka, ikavuka 2,600. Kiwango kati yao kikatoka chini ya 16 hadi karibu 20 katika nusu mwaka. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kenya aliyekubali Januari kulipwa kwa shilingi za Tanzania miezi mitatu baadaye alipata hasara hata kama shehena yake ilifika salama.

Je, kuna wakati noti za Kenya hazikubadilishwa kabisa Tanzania?

Ndiyo. Mwezi Juni 2019 Kenya ilitoa noti mpya na kutangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika tarehe 30 Septemba. Benki Kuu ya Tanzania ilisimamisha ubadilishaji wa noti za Kenya ili nchi isigeuzwe njia ya kusafishia fedha haramu. Kiwango cha benki kiliendelea kuchapishwa, lakini kwa mwenye noti mkononi hakikuwa na msaada.

Zitakuwa shilingi moja tena?

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, kwa lengo la kufika kwenye sarafu moja mwaka 2024. Lengo hilo limesogezwa hadi 2031.

Nimekuta hati ya 1972 inayosema kaka wa baba yangu wa Moshi alikopeshwa shilingi 3,000 na ndugu wa Nairobi. Leo ni kiasi gani?

Swali hili lina uzito, na limegombanisha ndugu wengi. Kwanza, mwaka 1972 shilingi 3,000 za Kenya na 3,000 za Tanzania zilikuwa sawa, kwa hiyo yaelekea hata walioandika hawakuona haja ya kutaja ni ya nchi gani. Leo tofauti hiyo ni ya karibu mara 20. Pili, ukizidisha kwa kiwango cha leo unapata idadi ya noti tu, hupati thamani. Shilingi 3,000 za wakati ule zilikuwa zaidi ya dola 400, na bei za vitu zimepanda mara nyingi katika nchi zote mbili, kwa hiyo kiwango cha kubadilisha fedha peke yake hakiwezi kuwapatanisha wanaodai na wanaodaiwa. Tazameni hati iliandikwa wapi, malipo yalipangwa kufanyika wapi, na kama kuna stakabadhi ya awali iliyolipwa kwa fedha ya nchi mojawapo. Huo ni ushahidi bora kuliko jedwali lolote.

Alama zilizoandikwa katika hati za zamani husomwaje?

“Shs 450/=” ni shilingi 450 kamili bila senti, na “450/50” ni shilingi 450 na senti 50. Kabla ya Juni 1966 alama ya shilingi bila jina la nchi ni shilingi ya Afrika Mashariki. Ukikutana na “K£” katika bajeti au takwimu za serikali ya Kenya za miaka ya baada ya uhuru, hiyo ni pauni ya Kenya, ambayo haikuwa noti bali kipimo cha hesabu chenye thamani ya shilingi 20; basi K£ milioni 5 ni shilingi milioni 100, wala usiigeuze kwa kiwango cha pauni ya Uingereza.